Kopo la Mama Mkwe

Wajukuu zangu huniuliza nilifanya kazi gani nilipokuwa na nguvu, na nikiwajibu kwamba nilikuwa napima mvua wanacheka. Mmoja aliniambia, "Babu, mvua si inanyesha tu? Ya kupima nini?" Sikumlaumu. Hata mimi siku naajiriwa nilidhani nimepewa kazi ya mchezo. Basi nitawasimulia, hasa ninyi mnaosoma sayansi shuleni. Mimi sayansi yangu nilifundishwa na watu wawili tu: bwana mmoja aliyekuwa anakuja kwa lori kutoka Lindi, na mama mkwe wangu, ambaye hakujua kusoma.

Mimi ni mzaliwa wa Ruangwa. Nilifika Nachingwea kwa miguu mwishoni mwa miaka ya arobaini, wakati pori linaangushwa kwa matrekta ili yapatikane mashamba makubwa ya karanga. Nilianza kwa kung'oa visiki. Siku moja msimamizi akauliza ni nani anayeweza kusoma rula mpaka vile vistari vidogo vya katikati. Nilikuwa nimefika darasa la nne, nikanyoosha mkono. Nikahamishiwa kwenye kiwanja kidogo kilichofyekwa kando ya njia ya kwenda Nambambo, nikaambiwa hapo ndipo pangu.

Kiwanjani palikuwa na vitu viwili. Kimoja ni kisanduku cheupe cha mbao, kimesimama kwa miguu minne, kuta zake zina nafasi za kupitisha upepo, na ndani vinaning'inia vipimajoto viwili. Cha pili ni chombo cha shaba kilichofukiwa nusu ardhini, mdomo wake juu ya ardhi kiasi cha futi moja. Hicho ndicho kipimamvua. Mvua inaingia mdomoni, inashuka kwenye chupa iliyo ndani, na kila asubuhi unaitoa chupa, unamimina maji kwenye bilauri nyembamba yenye vistari vilivyopangwa kulingana na upana wa mdomo ule, unasoma, unaandika kwenye daftari. Halafu maji unayamwaga. Kumbukeni hapo pa kumwaga, maana ndipo matata yangu yalipoanzia.

Aliyenifundisha ni Bwana Nalinga, Mmakonde mrefu, mwembamba, mwenye kalamu mbili mfukoni na maneno machache. Siku ya kwanza alitia maji kwenye bilauri, akaiweka juu ya jiwe, akaniambia nisome nikiwa nimesimama. Nikasoma. Akaniambia nichuchumae, macho yawe sawa na maji. Nikasoma tena, namba ikawa nyingine. Akaniambia nilale chini nitazame kwa chini. Ikawa ya tatu.

"Maji yameongezeka?" akauliza.

"Hapana, bwana."

"Yamepungua?"

"Hapana."

"Basi kilichobadilika ni nini?"

Nikafikiri kidogo. "Mimi," nikasema.

"Haya. Kuanzia leo unachuchumaa."

Nimechuchumaa miaka mingi, na magoti yangu mnayaona yalivyo. Akanionyesha pia kwamba maji ndani ya bilauri hayakai sawasawa kama meza. Pembeni yanapanda kidogo kwenye kioo, katikati yanabonyea. Unasoma pale chini palipobonyea. Jaribuni nyumbani na glasi yoyote, mtaona. Umekunywa maji maisha yako yote na hujawahi kuliona jambo hilo.

Akaniwekea na sharti moja la tabia: nikishasoma niandike kabla sijamsalimia mtu. Nikaona ni ukali wa bure. Asubuhi moja nikasoma, akapita rafiki yangu, tukaongea habari za ngoma iliyochezwa Ruponda, akaenda zake. Nikageukia daftari, namba imeshatoka kichwani. Nikaandika niliyodhani ndiyo. Bahati maji sikuwa nimeyamwaga. Nikayasoma tena, nikakuta nimekosea mbali. Tena nilikuwa na uhakika kabisa. Kilichonitisha ni huo uhakika.

Sasa nije kwa mama mkwe. Nilipotimiza mwaka mzima kazini nilioa Nambambo. Mke wangu aliitwa Zainabu. Kwa desturi za huku kwetu wakati ule, mwanamume ndiye anayehamia kwa wazazi wa mke. Nikajenga nyumba yangu kwenye ua wa mama yake, Bi Somoe binti Issa, mjane, mkulima wa ufuta na mihogo, mwenye mikono migumu kuliko yangu. Alisema Kimwera nyumbani na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Mkwe na mama mkwe hawakuongea uso kwa uso. Akiwa na neno la kuniambia alilipitisha kwa binti yake, hata kama nimekaa hatua tatu kutoka kwake.

Nikataka kumpendeza. Kazini kulikuwa kumebaki rangi nyeupe ya mafuta baada ya kukipaka kile kisanduku cha vipimajoto. Nikaomba nipewe, nikapewa. Bi Somoe alikuwa na mtungi wa maji wa udongo, mkubwa, umeshapauka. Siku alipokwenda shambani nikaupaka rangi wote kwa nje, tabaka mbili, ukang'aa kama yai. Aliporudi aliuzunguka mara mbili, akamwambia Zainabu, "Mwambie mumeo ahsante." Nikalala usingizi mtamu.

Haikupita wiki, nikasikia sauti kutoka jikoni.

"Zainabu, mwambie mumeo mtungi wangu una homa."

Nikaenda kuyaonja maji. Yalikuwa ya uvuguvugu, kama yameachwa juani. Tukauhamisha mtungi kivulini, tukayamwaga maji yake, tukaujaza tena maji ya kisimani. Jioni yakawa yale yale. Majirani wakaja kuonja mmoja mmoja, na kila aliyeonja alinitazama. Bi Somoe hakusema zaidi, ila alianza kunywa maji kwa jirani, na hiyo kwa mkwe ni adhabu kubwa.

Bwana Nalinga alipokuja nikamweleza kwa aibu. Hakucheka. Akanichukua mpaka kwenye kisanduku.

"Hivi vipimajoto ni viwili. Vina tofauti gani?"

"Kimoja kimevishwa kitambaa chenye maji."

"Kipi kinasoma chini?"

"Chenye kitambaa. Kwa sababu maji yake ni ya baridi."

"Nani kakwambia ni ya baridi?" Akachukua maji kwenye chupa iliyokuwa juani, akaniwekea kidoleni. Yalikuwa na moto. Akakilowanisha kitambaa kwa maji hayo hayo. Tukasubiri. Kipimajoto kikapanda kidogo, halafu kikaanza kushuka, kikashuka mpaka chini ya mwenzake kabisa.

"Maji yakiwa yanakauka," akasema, "yanaondoka na joto. Hayaondoki mikono mitupu. Ndiyo maana ukitoka kuoga upepo ukikupiga unatetemeka hata jua likiwaka. Mtungi wa udongo una vitundu usivyoviona. Maji yanapenya taratibu, yanakaukia nje, yanayobaki ndani yanapoa. Wewe umeviziba vitundu kwa rangi."

Miaka yote nilikunywa maji ya mtungi nikidhani udongo wenyewe ndio baridi. Mtungi unatoka jasho kama mtu, na jasho ndilo linaloupoza. Na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wakati wa masika, hewa ikiwa nzito ya maji, mtungi haupozi vizuri: jasho lake halipati pa kukaukia.

Nikamnunulia Bi Somoe mtungi mpya. Nikamweleza Zainabu yote hayo ili amweleze mama yake. Kutoka upande wa pili wa ukuta nilimsikia mama mkwe akisema polepole, "Kumbe unatoka jasho." Halafu, "Muulize kama na chungu cha kupikia ni hivyo hivyo." Nikajua hapo kwamba yule mama hakuwa mtu wa kukubali jambo bila kulipindua.

Ukaja mwaka ambao mvua ilichelewa. Watu walikuwa wameshalima mashamba, mbegu za mahindi na karanga ziko tayari, wingu linakuja linapita. Minong'ono ikaanza sokoni. Huyu mkwe wa Bi Somoe ana chungu cha shaba alichokifukia ardhini. Kila mvua ikinyesha anaikinga, asubuhi anaimwaga akitazama kwenye kioo na kuandika. Anaandika nini? Kwa nini anaimwaga? Huyo ndiye anayeifunga mvua.

Wazee wanne wakaja nyumbani asubuhi moja. Hawakuja kwangu, walikwenda kwa Bi Somoe, kwa sababu mimi nilikuwa mtu wa kuja na yeye ndiye mwenye ua. Mkubwa wao, Mzee Likwenda, jirani yetu, mtu mpole ambaye mashamba yake yalikuwa yamekauka kama ya wengine, akasema kwa heshima zote kwamba chombo kile king'olewe, na kama mkwe hataki, basi mkwe arudi kwao Ruangwa.

Nilikuwa nimekaa barazani kwangu, Zainabu nyuma yangu na mimba ya miezi saba. Nikaona kazi inaondoka na ndoa inaondoka, vyote kwa siku moja. Nikafungua mdomo nijitetee. Bi Somoe akanyoosha mkono bila kunitazama, nikanyamaza.

"Chombo chake mimi sikijui," aliwaambia. "Na ninyi hamkijui. Nipeni muda nikichunguze. Mvua ikinyesha tutajua."

"Na isiponyesha?" akauliza Mzee Likwenda.

"Isiponyesha mtarudi, na mimi mwenyewe nitashika jembe kukichimbua."

Siku ile ile alichukua kopo tupu la mafuta, lile la kuta zilizonyooka, akalibeba mpaka kwenye kiwanja changu. Akakipindua kinu cha zamani kilichopasuka, akalisimamisha kopo juu yake ili matone yanayoruka kutoka ardhini yasiingie. Hilo hakuna aliyemfundisha. Akaliweka nje ya ua wangu wa fito, hatua kama kumi na tano. Ua huo niliujenga mimi misimu miwili nyuma kukizunguka kile chombo cha shaba, kwa sababu mbuzi walikuwa wanakuja kukanyaga pale. Niliujenga mrefu, mnene, mzuri, nikajisifia.

Mvua ikanyesha. Ilikuja mchana na upepo mkali kutoka upande wa Mtua, ikapiga kwa ubavu saa nzima. Watu walicheza kwenye matope. Asubuhi yake Bi Somoe alikuwa amefika kiwanjani kabla yangu, na wale wazee wanne. Alikuwa ameshika bua la mtama. Akalisimamisha ndani ya kopo mpaka chini, akalitoa, akalikata kwa kisu pale maji yalipofikia. Akampa Zainabu anipe.

Nikalipima kwa rula: karibu robo tatu ya inchi. Nikatoa chupa yangu, nikamimina kwenye bilauri, nikachuchumaa. Nusu inchi tu. Nikamimina tena, nikachuchumaa tena. Nusu inchi.

Kwa mara ya kwanza tangu nioe, mama mkwe alinigeukia, akasema na mimi mwenyewe.

"Mwanangu, mvua ni moja na kiwanja ni kimoja. Ya kwenye kopo langu ni nyingi kuliko yako. Hiyo nyingine umeipeleka wapi?"

Wazee walinitazama. Nikajaribu kusema kwamba kopo lake ni pana kuliko chombo changu. Lakini nilijua ninasema uongo, kwa sababu Bwana Nalinga alishanionyesha: chukua chombo kipana na chembamba, mradi kuta zimenyooka, viweke kwenye mvua moja, kina cha maji kitakuwa sawa. Kipana kinapokea maji mengi, lakini kina sakafu kubwa ya kuyatandaza. Nikakatisha maneno yangu katikati.

"Sijui, mama," nikasema. "Sijui imekwenda wapi."

Mzee Likwenda akasema, "Basi tumesikia." Bi Somoe akamjibu, "Tumesikia kwamba hajui. Bado hatujasikia kwamba kaiba." Akawaomba wangoje mpaka yule bwana wa Lindi afike, maana alikuwa anatarajiwa wiki ile. Wakakubali, kwa kuwa mvua ilishaanza na hasira zilikuwa zimepoa kidogo. Lakini siku zile nne sikula vizuri. Zainabu hakuniuliza kitu, na kule kutoniuliza kuliniuma zaidi.

Bwana Nalinga alishuka kwenye lori, akasikiliza, akaomba aonyeshwe kopo, kinu na vipande vya mabua, maana kila mvua Bi Somoe alikuwa amekata bua jipya na kulifunga pamoja na mengine kwa kamba. Akayapima yote. Kisha akasimama mbele ya ua wangu, akautazama kwa muda.

"Huu nani kaujenga?"

"Mimi, bwana. Kwa ajili ya mbuzi."

"Mvua inapokuja na upepo, inaanguka wima?"

Nilikuwa nimeshaona. Inaanguka kwa kuinama, na ua wangu mzuri, mrefu, ulikuwa unaikinga upande ule kama ukuta unavyomkinga mtu aliyejibanza. Mvua yangu iliyopotea ilikuwa inaangukia kwenye fito.

"Kitu chochote kilichosimama kiwanjani," akasema, "kiwe mbali angalau mara mbili ya urefu wake. Nilikwambia?"

"Uliniambia kuhusu miti, bwana. Sikufikiri kwamba na ua ni mti."

Tukaubomoa ule ua mbele ya wazee. Mzee Likwenda mwenyewe alishika fito mbili tatu. Mvua iliyofuata, bua la Bi Somoe na bilauri yangu vilipishana kwa upana wa ukucha. Wazee walicheka kwa muda mrefu, wakisema kumbe mkwe alikuwa anajiibia mwenyewe, na jina la Mwizi wa Mvua likanikaa mpaka nilipozeeka. Sikulichukia. Ni afadhali kuchekwa kuliko kufukuzwa.

Lakini jioni ile Bwana Nalinga alifungua madaftari yangu ya misimu miwili. Namba zote za siku za upepo zilikuwa pungufu. Nilimwomba tuzisahihishe, tuongeze kidogo kidogo. Akakataa.

"Hujui uongeze kiasi gani. Acha zilivyo. Andika pembeni kwamba palikuwa na ua, tangu mwezi gani mpaka mwezi gani, na kwamba uliujenga wewe. Atakayesoma ataamua."

Niliandika kwa mkono wangu. Niliogopa kwamba nimejifukuzisha kazi. Sikufukuzwa. Ilikuja barua fupi ya kunionya, na mwezi uliofuata likaja bunda la waya wa kujengea ua mwingine, mfupi, wa kupitisha upepo.

Miaka ya hamsini ilipofika katikati nilitumwa Ruangwa kwenda kusimika kipimamvua kipya na kumfundisha mtu wa huko. Ilikuwa kazi ya majuma sita, na majuma hayo yaliangukia mwanzoni mwa mvua. Nikamuuliza Bwana Nalinga nani atabaki na kiwanja cha Nambambo.

"Yule aliyekukamata," akasema.

Nikamwambia hajui kusoma. Akasema namba ni kumi tu. Basi kwa mwezi mzima kabla sijaondoka, Bi Somoe alikaa barazani alasiri, Zainabu akishika mtoto, mimi nikichora namba kwenye mchanga kwa kijiti, na mama mkwe wangu akizichora chini yake. Mbili ilimsumbua. Nane aliipenda, alisema inafanana na kibuyu. Sifuri ilimtatiza sana. Aliuliza kwa nini siku isiyo na mvua iandikwe, wakati hakuna kitu cha kuandika. Nikamweleza kwamba sifuri maana yake mtu alikwenda, akatazama, akakuta hakuna. Akafikiri. "Kumbe ni kazi nayo," akasema.

Niliporudi kutoka Ruangwa nilifika kwa miguu mchana, miguu imevimba. Sikuingia ndani. Nilikwenda moja kwa moja kiwanjani nikafungua daftari. Namba zake zilikuwa kubwa, zimeinama, nyingine zimetoka nje ya mstari, lakini zote zilisomeka. Sifuri zilikuwa za duara zuri kuliko zangu. Nikageuza kurasa mpaka nikafika mahali palipoachwa patupu. Siku mbili, hakuna namba, hakuna sifuri.

Nikamkuta anaanika mihogo. Nikamuuliza, maana tulikuwa tumeshazoea kuongea, siku zile mbili kulikuwa na nini.

"Nilikwenda Ruponda kumzika dada yangu," akasema.

Nikampa pole, nikakaa naye. Baada ya muda nikamwambia kwa upole kwamba siku zile zilikuwa za jua, watu wote wanakumbuka, angeweza kuandika sifuri tu.

Aliacha mihogo, akanitazama.

"Wewe si ulisema sifuri ni ya mtu aliyekwenda kutazama? Mimi sikwenda."

Wajukuu zangu, mimi nilikuwa na zaidi ya miaka sita kazini. Katika miaka hiyo kulikuwa na asubuhi tatu ambazo sikwenda kiwanjani. Moja nilikuwa naumwa, moja nilikuwa harusini, na moja nilichoka tu. Zote tatu niliandika sifuri, kwa mwandiko mzuri, na hakuna aliyejua, hata Bwana Nalinga, hata Zainabu.

Nilinyanyuka nikaenda kuyatoa madaftari ya zamani kwenye sanduku. Nikazitafuta zile sifuri tatu, nikapiga mstari mmoja juu ya kila moja, pembeni nikaandika: sikwenda. Kisha nikarudi nikakaa na Bi Somoe, nikamsaidia kuanika mihogo mpaka ikaisha.